Kiungo, mpira unakutoka mguuni? Tafuta dalili yako hapa

"Mwalimu, mpira unanitoka." Hayo ndiyo malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa viungo, yaani wachezaji wa katikati ya uwanja, kuanzia watoto wanaojiandaa na UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, hadi vijana wa ndondo, mashindano ya mitaani, wanaocheza jioni kwenye viwanja vya vumbi hapa Dodoma. Kauli ni moja, lakini ndani yake kuna matatizo yasiyofanana. Yupo ambaye mpira unadunda mguuni kwa sababu enka imekakamaa. Yupo anayeutuliza vizuri kabisa, ila anautuliza mbele ya adui. Na yupo ambaye mguu wake hauna kosa lolote. Mpira wenyewe umejazwa upepo kupita kiasi. Ukiwapeleka wote watatu ukutani kupiga pasi saa nzima, utamsaidia mmoja na kuwachosha wawili.

Kwa hiyo tafuta dalili inayofanana na yako. Chini ya kila moja nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi, nikaishia na ile ya nadra. Fanya ukaguzi mwepesi kwanza hata kama unaona ni wa kitoto. Mahali palipoandikwa SIMAMA HAPA, acha mazoezi umwone mtu wa afya. Kocha hawezi kutibu kila kitu, na mimi ni mmoja wao.

Kabla ya yote: mpira, njumu, uwanja

Sheria za mchezo zinataka mpira wa namba 5 uwe na mzunguko wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450, na upepo wa kati ya 0.6 na 1.1 kwa kipimo cha atmosfia. Mitaani kwetu hakuna anayepima. Mpira umechomwa na mbigili, umezibwa, umepelekwa kwa fundi baiskeli, naye kaupampu mpaka umekuwa jiwe. Ukiuacha juani mchana unazidi kukaza. Ubonyeze kwa vidole gumba viwili kwa nguvu: ukikataa kabisa kuingia ndani, toa upepo kidogo. Ukiingia kama andazi, ongeza. Nimeona mtoto akilaumiwa wiki nzima kwa kosa la pampu.

Watoto wa chini ya miaka 12 wapeni mpira wa namba 4. Namba 5 kwa miguu yao midogo ni mzito na unawafundisha kuupiga badala ya kuupokea.

Njumu za mtumba ni nzuri, tatizo ni kununua kubwa ukitegemea kujaza soksi. Ukivaa, nafasi mbele ya kidole kikubwa isizidi nusu ya upana wa kidole gumba. Njumu ikizidi hapo, mpira unagusa ngozi ya njumu isiyo na mguu ndani na wewe huusikii mguuni. Na kwenye ardhi yetu ngumu ya kiangazi, meno marefu machache ni adui: hayazami, unakuwa umesimama juu ya vijiti. Tafuta zenye meno mafupi mengi.

Dalili ya 1: Mpira ukigusa mguu unadunda meta moja au mbili mbele

*Enka na mguu vimekakamaa.* Hii ndiyo sababu ya kwanza, na inawapata zaidi wale wenye nguvu. Kipimo chake ni rahisi: mwenzako akupigie pasi ya chini kutoka meta nane, usikilize. Ukisikia "pa!" kavu, mguu ni mgumu. Mguu uliolegea unatoa sauti nzito, ya chini. Dawa ni kuupokea mpira kama unavyopokea ndoo ya maji kutoka kwa mwenzako kisimani: mkono hushuka kidogo na uzito, hauendi kugongana nao. Mguu nao urudi nyuma sentimita chache wakati ule ule mpira unapogusa, kidole kikiwa kimeinuka kidogo, goti limelegea. Usiuvute sana, maana ukiuvuta mapema mpira unapita na kukufuata nyuma.

*Umesimama wima.* Magoti yakinyooka, mwili mzima unakuwa ukuta. Shusha makalio kidogo na usimame kwa mbele ya nyayo. Kiungo anayesimama kwa visigino akisubiri pasi anachelewa kwa kila kitu, si kwa kutuliza tu.

*Mguu wa kusimamia uko mbali au umeganda.* Watu wanaangalia mguu unaogusa mpira na kuusahau mwingine. Piga vihatua vidogo viwili vitatu pasi inapokuja, ili mguu wa kusimamia utue kando ya njia ya mpira, si nyuma yake.

*Pasi yenyewe ni kombora.* Hutokea. Kama wenzako wote wanashindwa kuituliza pasi ya mtu mmoja, zungumza na huyo mtu.

Zoezi la kurekebisha: ukuta wowote imara, kwa ruhusa ya mwenyewe. Simama meta nne. Weka kandambili mbili chini zikiachana meta moja, wewe katikati. Piga, tuliza, mpira usitoke nje ya kandambili. Dakika tano mguu wa kulia, dakika tano wa kushoto. Ukiweza bila kukosa, rudi meta sita na uongeze nguvu. Dakika kumi za kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi.

Dalili ya 2: Mpira unapita chini ya mguu au unaruka juu yake

*Uwanja unadunda na wewe unasubiri.* Viwanja vyetu vina kokoto, mizizi, na vijikorongo vilivyochimbwa na mvua za Desemba hadi Aprili. Vinakauka hivyo hivyo na kubaki mpaka masika mengine. Kadiri mpira unavyosafiri mbali chini, ndivyo unavyopata nafasi nyingi za kuruka. Usiusubiri. Ufuate, uupunguzie safari. Hatua mbili za kuusogelea zinaondoa nusu ya tatizo. Pale usipoweza kuufuata, utulize mara tu unapotoka kugusa ardhi, kabla haujapanda, kwa kuuinamishia mguu juu yake ili ubaki chini.

*Umeinua macho mapema.* Unataka kuona wa kumpa pasi kabla hujapata mpira. Kuangalia ni kuzuri, nitalieleza kwa kirefu kwenye dalili ya 3, lakini kuna wakati wake. Kipande cha mwisho cha safari ya mpira ni cha kuuangalia mpira.

*Mguu umeinuliwa juu mno au haukuinuliwa kabisa.* Ndani ya mguu ikutane na kitovu cha mpira. Ukiburuza njumu chini, mpira unapanda juu ya mguu. Ukiinua mpaka usawa wa goti la mwenzako, unapita.

*Kukanyaga kwa wayo.* Vijana wengi wameizoea kutoka kwenye chandimu, mpira wa mtaani wa eneo dogo, na kwenye eneo dogo lenye sakafu inafaa sana. Kwenye vumbi lenye kokoto, mpira ukiruka kidogo tu wayo wako unabaki hewani na adui amekwenda nao. Itumie mpira ukiwa umeshatulia.

*Macho.* Ni nadra, lakini ipo. Kama unakosa mipira ambayo wenzako wote wanaipata, hasa jioni mwanga unapopungua, na darasani nako unakodoa ubao, SIMAMA HAPA: kapime macho. Zoezi halitarekebisha macho yasiyoona.

Dalili ya 3: Unatuliza vizuri, lakini unanyang'anywa papo hapo

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, kwa sababu hii ndiyo dalili ya kiungo hasa. Beki hupokea mpira uwanja wote ukiwa mbele yake. Mshambuliaji anajua adui yuko mgongoni. Kiungo adui wake anatoka pande zote, kwa hiyo mguso mzuri unaoelekea upande mbaya ni mpira uliopotea.

*Hukuangalia kabla.* Sababu nambari moja, na kwa mbali sana. Jipime hivi: mwenzako asimame meta kumi nyuma yako, mwingine mbele yako akupigie pasi. Wakati mpira unakuja, wa nyuma anainua vidole; ukishautuliza, taja ni vingapi. Nina namba nane mmoja, yaani kiungo wa kati, kijana mwenye mguu laini kuliko wote kikosini, tulipomfanyia kipimo hiki alikuwa akijibu "sikuona, mwalimu" kila mara. Shingo yake ilikuwa imefungwa kwenye mpira toka unaondoka kwa mpigaji. Hakukuwa na cha kurekebisha mguuni. Tulifanya vidole tu, mazoezi baada ya mazoezi, mpaka akawa anavitaja bila kufikiri. Siku hizi kwenye mechi unaona kidevu chake kikigusa bega la kulia, kisha la kushoto, hata mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja.

Nyakati za kuangalia ni tatu. Ya kwanza, mpira unaposafiri kati ya wenzako wawili, maana hapo hakuna anayeweza kukupa wewe. Ya pili, mwenye mpira anapojiandaa kupiga. Ya tatu ni kuchungulia haraka begani pasi ikiwa imeshaondoka kuja kwako, kisha macho yarudi kwenye mpira. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, aliwafuatilia kwa video wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza na kukuta kwamba wanaotazama huku na huku mara nyingi zaidi kabla ya kupokea ndio wanaofikisha pasi zao zaidi. Frank Lampard, kiungo wa zamani wa Chelsea, alikuwa miongoni mwa vinara. Mtazame na Xavi wa Barcelona ya zamani kwenye video yoyote: usimfuate mpira, mfuate yeye, uone shingo.

*Umefunga mwili.* Unampokea mpigaji kwa uso mzima, mabega yote mawili yakimwelekea. Kutoka hapo unaweza kurudisha tu. Simama kiubavu, uone mpigaji kwa jicho moja na goli la adui kwa jingine, kisha pokea kwa mguu wa mbali. Mpira ukitoka kushoto kwako, mguu wa mbali ni wa kulia. Ukiuacha mpira upite mbele ya mwili mpaka kwenye mguu huo, tayari umeshageuka. Adui akiwa amekubana kabisa mgongoni, hesabu hubadilika: weka mwili kati yake na mpira, tumia mguu ulio mbali naye, na usione aibu kurudisha.

*Unauua mpira.* Mpira uliosimama kabisa chini ya mguu unasifiwa na watazamaji, ila unakulazimisha uanze safari upya wakati adui tayari yuko kwenye mwendo. Mguso wa kwanza uusogeze mpira hatua moja kwenye nafasi uliyoiona. Ndiyo maana kuangalia kumetangulia. Usipojua nafasi iko wapi utausogeza wapi?

*Wenzako wako kimya.* "Una mtu!", "Geuka!", "Rudisha!" ni maneno matatu tu, na timu nyingi za mtaani haziyasemi mpaka mpira umeshapotea. Kubalianeni kwamba anayepiga pasi ndiye mwenye wajibu wa kusema, kwa sababu yeye anaona mgongo wako.

Zoezi: duara la watu watano, wawili kati, miguso miwili basi. Wengi wanaifanya kama mchezo wa kumcheka anayepigwa tobo, yaani anayepitishiwa mpira katikati ya miguu. Ifanyeni kwa sharti moja: kila anayepokea awe ameshaangalia begani, asipoangalia anaingia kati hata kama pasi yake imefika.

Dalili ya 4: Mguu mmoja tu ndio unaotii

Sababu ni moja: hujautumia huo mwingine. Mchana wa mazoezi mepesi, funga ahadi kwamba mguso wote wa kwanza ni wa mguu dhaifu, wa pili ruhusa yoyote. Ukutani anza nao ukiwa bado una nguvu. Danadana zinasaidia kuuzoesha mguu uzito wa mpira, lakini usizigeuze kuwa lengo. Wapo mabingwa wa danadana ambao pasi ya meta kumi inawashinda.

Kama mguu huo ulikuwa mzuri zamani na sasa umedhoofika, au unasikia ganzi, hilo si suala la mazoea. SIMAMA HAPA, ukaonwe.

Dalili ya 5: Mipira ya juu inakushinda

*Upepo.* Anayecheza Dodoma mwezi wa Julai hadi Septemba anajua. Mpira wa juu unaokuja dhidi ya upepo unasimama hewani na kudondoka mbele yako. Unaokuja na upepo unakupita kichwani. Kabla mechi haijaanza, rusha vumbi kidogo juu uone linaelekea wapi, na ukumbuke kubadilisha hesabu kipindi cha pili.

*Unaruka kuufuata.* Mwili ukiwa hewani hauwezi kulegea. Fika mapema, simama, miguu ikiachana upana wa mabega.

*Kifua kimetunishwa.* Watoto wanatunisha kifua kama askari, mpira unadunda kama umegonga bati. Vuta pumzi mpira ukija, itoe ukigusa, mabega yaingie mbele kidogo. Kwa paja, liwe karibu usawa na ardhi na lishuke na mpira.

Mwenzako akurushie kwa mkono kwanza, meta tano, kifua kisha mguu, paja kisha mguu. Usiende kwenye mipira mirefu ya kupigwa kabla hii haijakaa.

SIMAMA HAPA: Mkigongana vichwa, au mpira ukikupiga kichwani kwa nguvu, ukaona kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga unakuumiza macho, au hukumbuki matokeo, toka uwanjani na usirudi siku hiyo hata ukijisikia nafuu. Ukitapika mara kwa mara, ukipoteza fahamu, maumivu ya kichwa yakizidi au usingizi usio wa kawaida ukikujia, nenda hospitali mara moja na usiende peke yako.

Dalili ya 6: Mazoezini safi, kwenye mechi mpira unakutoka

*Mazoezi yako hayana adui.* Koni haikabi. Kama wiki nzima umepokea mpira bila mtu kukukimbilia, mechi ni mtihani wa somo usilosoma. Kila zoezi la kutuliza lipate mkabaji baada ya siku chache: aanze akitembea, kisha akimbie nusu, kisha akabe kweli.

*Umechoka.* Ukiona makosa yanaanza dakika ya 60 na kuendelea, tatizo ni pumzi, si mguu. Mguu uliochoka unakakamaa, na unarudi kwenye dalili ya 1. Fanya baadhi ya mazoezi ya kutuliza baada ya mbio, si kabla tu.

*Umekaukiwa.* Hewa yetu ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, unadhani hutoki jasho. Angalia mkojo kabla ya mechi: ukiwa wa njano iliyokolea, hujanywa vya kutosha. Kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi badala ya lita nzima dakika kumi kabla ya filimbi. Na wanafunzi mnaotoka shuleni saa kumi bila kula tangu asubuhi, mwambieni mwalimu wa michezo. Hilo ni jambo la kusema.

*Hofu.* Mshangilio, kocha anayepiga kelele, baba amekuja kutazama. Pasi tatu za kwanza za mechi piga rahisi, fupi, kwa mtu aliye karibu. Na makocha wenzangu, kumfokea mtoto kwa kila mguso mbaya kunamkaza mwili, na mwili uliokazwa hautulizi mpira.

SIMAMA HAPA: maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au kuzimia ukiwa unakimbia. Usimwagiwe maji ukarudishwa uwanjani. Marc-Vivien Foé, kiungo wa Cameroon, alianguka kwenye nusu fainali ya Kombe la Mabara mwaka 2003 akafariki akiwa na miaka 28. Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, alianguka kwenye Euro tarehe 12 Juni 2021 akaokolewa kwa sababu walianza kumkandamiza kifua na kumshtua moyo kwa mashine ya umeme pale pale. Mchezaji akianguka bila kuguswa, haitikii na hapumui kawaida, anzeni kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, huku mwingine akitafuta gari. Aliyezimia na kuzinduka asicheze tena mpaka moyo wake umepimwa.

Dalili ya 7: Kutuliza kunauma

Maumivu hubadilisha mguso bila wewe kujua: unakwepa kuulegeza mguu, mpira unadunda, unalaumu ufundi.

Maumivu chini ya kifuniko cha goti, pale penye kinundu juu ya ugoko, ni ya kawaida kwa watoto wa miaka 10 hadi 15 wanaorefuka haraka. Punguza mbio na kuruka, weka barafu baada ya mazoezi. Yakimfanya achechemee au yakimwamsha usiku, apelekwe kwa daktari.

Enka ikipinduka kwenye shimo, fanya kipimo hiki kabla ya mtu yeyote kuanza kuichua. Bonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa uliotokeza, upande wa ndani na wa nje, kisha mfupa wa pembeni katikati ya mguu kuelekea kidole kidogo. Jaribu kutembea hatua nne. Ukisikia maumivu kwenye mfupa ukibonyeza, au hatua nne zikikushinda, SIMAMA HAPA: nenda ukapigwe eksirei, iwe Hospitali ya Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Dodoma, au hospitali ya wilaya iliyo karibu, Kongwa, Mpwapwa au Kondoa. Kuchua kwa maji ya moto siku mbili tatu za kwanza kunaongeza uvimbe. Inua mguu, weka kitu cha baridi kilichofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana mpaka vidole vikafa ganzi.

Kurudi kuwe kwa hatua. Kwanza simama kwa mguu ulioumia sekunde 30 bila kuyumba. Kisha tembea haraka, kimbia mstari ulionyooka, kimbia kwa kukata kona. Ndipo urudi ukutani na kandambili zako, meta nne, pasi laini. Duara la wawili kati ni la mwisho, kwa sababu pale utageuka bila kupanga. Enka ikiendelea kukulegea unapogeuka hata baada ya wiki sita, mtafute mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kukubali kucheza mechi yoyote, hata kama ni fainali ya ndondo na mtaa mzima unakusubiri.